Ijue Difuloki ya Pikapu na Trekta Lako Kabla Mvua Haijakolea

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbegu na viuatilifu, tunaingia chini ya gari. Sababu ni rahisi tu: mbolea haina miguu.

Sisi wa Songea tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Mavuno yetu yanatoka shambani kiangazi, njia ikiwa kavu, hata gari chovu linafika. Shida yetu iko Januari na Februari, pale mahindi yanapofika magotini na yanadai mbolea ya kukuzia. Wakati huohuo udongo wetu mwekundu umeshiba maji, na ukitoka tu kwenye lami ya Njombe, ya Mbinga au ya Namtumbo kuingia ndani kuelekea Muhukuru, Mpitimbi, Matimila au Wino, unakutana na tope. Pikapu ikilala njiani siku nne na mifuko 20 ya mbolea, hiyo ni tani moja iliyokaa barabarani wakati mahindi yanasubiri. Mahindi hayasubiri. Yakishatoa mbelewele, mbolea utakayoweka itakurudishia kidogo sana.

Ndiyo maana kila mwaka napata swali hili: "Bwana shamba, tumechanga tumenunua Land Cruiser, fundi anatuambia tufunge difuloki. Tufunge au anatupiga hela?" Wengine wanalo trekta lenye difuloki tangu kiwandani, lakini dereva hajawahi kuikanyaga, au anaikanyaga vibaya. Basi tulichambue jambo hili tangu mwanzo. La kukaa nalo kichwani ni hili: difuloki ni ya kukuvusha, si ya kutembelea. Unafunga kabla hujazama, unafungua kabla hujakata kona. Mengine yote yanatoka hapo.

KWANZA, DIFU INAFANYA KAZI GANI?

Difu ni lile boga la chuma lililo katikati ya matairi ya nyuma. Nguvu inatoka injini, inapita gia boksi, inapita propela, inaingia kwenye difu, halafu inagawanywa kwenda tairi la kushoto na la kulia kwa shafti mbili. Ndani yake kuna krauni, pinioni, na vile vigia vidogo ambavyo mafundi wanaviita spaida.

Kwa nini isiwe shafti moja tu iliyonyooka? Kwa sababu ya kona. Gari likikata kona, tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Chukua gari ambalo matairi yake ya nyuma yameachana mita moja na nusu. Likikata kona ya robo duara, tairi la nje linatembea kama mita 2.4 zaidi ya lenzake. Kama matairi yamefungwa pamoja, hiyo tofauti itaenda wapi? Lazima tairi moja liburuzike au shafti ijisokote. James Starley wa Coventry, Uingereza, alikutana na shida hiyohiyo mwaka 1877 kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, akaitatua kwa kuweka difu. Mpaka leo gari, lori na trekta zinatumia wazo hilohilo: kila tairi lizunguke kwa mwendo wake.

SASA UBAYA WA DIFU UNAKUJA KWENYE TOPE

Difu ya kawaida inagawa nguvu nusu kwa nusu, siku zote. Ukiisikia inaonekana ni haki, lakini kwenye tope haki hiyo inakuumiza. Tuweke mfano wa hesabu. Tairi la kushoto liko kwenye ute, linaweza kusukuma kilo 50 tu kabla ya kuteleza. La kulia liko kwenye udongo mgumu, lingeweza kusukuma kilo 400. Kwa kuwa difu inagawa sawasawa, na la kushoto linaishia 50, basi na la kulia linapewa 50. Jumla kilo 100. Gari haliondoki. Ukikanyaga mafuta, la kushoto linazunguka kama feni, la kulia limesimama linakutazama.

Ukifunga difuloki, shafti mbili zinakuwa kama moja. Matairi yote yanazunguka mwendo mmoja, na kila moja linasukuma kadiri linavyoshika: 50 jumlisha 400, unapata kilo 450. Injini ni ileile, mafuta yaleyale, mara nne na nusu ya msukumo.

Hapohapo tusahihishe kauli moja ya vijiweni: "Gari langu ni fowili, matairi manne yote yanavuta." Si kweli kila wakati. Fowili inaunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini kila ekseli bado ina difu yake iliyo wazi. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza kwa pamoja, fowili yako imekwama pamoja na jina lake. Hili linatokea sana kwenye njia zetu, pale gari linapoingia mtaroni na matairi ya upande mmoja tu yako kwenye tope.

AINA ZA LOKI UTAKAZOKUTANA NAZO

1. Ya pedali. Hii ndiyo ya trekta. Kwenye Massey Ferguson nyingi za zamani, kama 135 na 240, pedali iko upande wa kulia karibu na kisigino. Unaikanyaga, loki inashika. Ukiachia na mzigo kwenye matairi ukipungua, inafunguka yenyewe.

2. Ya umeme. Baadhi ya Land Cruiser za Series 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, zinatoka kiwandani nayo, nyuma peke yake au mbele na nyuma. Utaona swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi na taa yenye mchoro wa ekseli na alama ya msalaba. Hilux nyingine nazo zinayo ya nyuma. Ukinunua gari lililokuwa la kubebea watalii porini, angalia hapo kabla ya kufikiria kununua loki mpya. Inawezekana unayo tayari na imelala tu.

3. Ya upepo. Inayojulikana zaidi ni Air Locker ya kampuni ya ARB ya Australia. Kunakuwa na kompresa ndogo, bomba jembamba la upepo mpaka kwenye difu, na swichi. Ukibonyeza, upepo unasukuma meno yanashikana.

4. Ya kujifunga yenyewe. Hii haina swichi. Ukitoa moto inashika, ukikata kona inaachia, mara nyingi kwa kelele ya "ta-ta-ta". Ni imara, lakini dereva asiyeijua inamshtua kwenye lami iliyolowa.

5. Difu ya kubana nusu, ambayo mafundi wanaiita LSD. Hii si loki kamili. Inapunguza kuteleza, haimalizi. Inataka oili yake maalumu, na sahani zake zikilika inabaki difu ya kawaida.

Magari mapya yana pia mfumo wa kompyuta unaobana breki ya tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenzake. Unasaidia, lakini kwenye tope refu breki zinapata moto na mwendo unakatika.

NA ILE YA KUCHOMELEA?

Hapa naomba tusikilizane. Wapo mafundi wanaokwambia: "Bosi, lete tu difu nikuchomelee spaida, umemaliza." Ni kweli utakuwa umemaliza, ila kwa maana nyingine. Difu iliyochomelewa imefungwa moja kwa moja, usiku na mchana, lami na vumbi. Kila kona tairi linaburuzwa, kila kona shafti inasokotwa. Siku moja shafti inakatika, na kwenye gari ambalo shafti ndiyo inayoshika tairi, tairi linaweza kutoka nje na gari likiwa na mzigo na watu. Usiruhusu. Kama hela ya loki ya kweli haipo, soma sehemu ya mwisho, kuna njia zingine.

KABLA YA KUNUNUA, FANYA HESABU HII

Chukua daftari. Andika msimu uliopita gari lilikwama mara ngapi, siku ngapi zilipotea, ulilipa shilingi ngapi kuvutwa na trekta, na mzigo gani uliharibika au kuchelewa. Jumlisha. Halafu uliza bei ya loki pamoja na ya fundi. Kama hasara ya misimu miwili inafika bei hiyo, una sababu. Kama ulikwama mara moja tu mwaka mzima, hiyo hela iweke kwenye matairi.

Kwa maoni yangu, mpangilio wa matumizi ni huu: matairi mazuri yenye meno ya tope kwanza, halafu fowili ifanye kazi sawasawa, halafu koleo, mbao mbili na kamba nzuri ya kuvutia, halafu ndipo loki. Difuloki kwenye matairi vipara ni kufunga mkanda wa dhahabu kwenye suruali iliyochanika.

Ukishaamua, anza na ya nyuma. Ukipanda mlima uzito unahamia nyuma, na mzigo wa pikapu uko nyuma, kwa hiyo ndiko matairi yanakoshika zaidi. Loki ya mbele inafanya usukani uwe mzito na gari linataka kwenda mbele tu. Iache kwa wenye kazi maalumu ya porini.

KUFUNGA: MAMBO YA KUMSIMAMIA FUNDI

Kazi hii si ya chini ya mwembe. Difu inafunguliwa yote, kibebeo cha spaida kinatolewa, kipya kinawekwa. Huhitaji kuwa fundi, lakini simamia haya:

- Loki ilingane na difu yako. Idadi ya meno ya shafti na uwiano wa krauni na pinioni lazima vijulikane kabla ya kulipa hela. Loki ya Hilux haiingii tu kwenye Land Cruiser kwa sababu zote ni Toyota.

- Uwiano wa mbele na nyuma usibadilike. Ukibadilisha krauni na pinioni ya nyuma peke yake, ukiweka fowili ekseli mbili zitapigana mpaka kitu kivunjike.

- Beringi na sili ziwe mpya. Kuifungua difu na kurudisha beringi za zamani ni kujiandalia kuifungua tena.

- Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni ipimwe kwa saa ya kupimia, si kwa kutikisa kwa mkono na kusema "iko poa". Ikibana sana inapata moto, ikilegea sana inapiga kelele na kula meno.

- Bomba la upepo au waya wa umeme upite mbali na ekzosi, ufungwe kila baada ya shubiri mbili, na uachiwe ulegevu wa kutosha ekseli inapocheza juu na chini.

- Bomba la kupumulia la difu lipandishwe juu, karibu na bodi. Ukiingia mtoni difu ya moto inapoa ghafla na kuvuta hewa. Kama mdomo wa bomba uko chini ya maji, inavuta maji. Oili yenye maji inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hivyo, imwage siku hiyohiyo.

- Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au cha loki. Difu nyingi zinatumia 80W-90 ya daraja la GL-5. Mwaga ya kwanza baada ya kama kilometa 1,000, uangalie kama kuna vipande vya chuma. Unga laini ni kawaida, vipande si kawaida.

JINSI YA KUIJARIBU BILA KUINGIA TOPENI

Jaribio hili litakusaidia pia unaponunua gari lililotumika. Weka gari sehemu tambarare na ngumu. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Inua ekseli ya nyuma, iweke juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Gia iwe imeingia, hendibreki imeachiwa, INJINI IMEZIMWA. Zungusha tairi moja kwa mkono. Kama difu iko wazi, lenzake linazunguka kinyume. Sasa washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, weka loki, zungusha tena polepole. Loki ikishika, tairi halitazunguka tena isipokuwa kale kamchezo kadogo ka meno. Fungua loki, rudia. Lazima matairi yarudi kuzunguka kinyume.

Usithubutu kuwasha injini gari likiwa juu ya stendi na fowili imewekwa. Matairi ya mbele yako chini, yatavuta, gari litaruka kutoka kwenye stendi na wewe uko chini yake.

KUITUMIA: HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Simama kabla ya tope, si ndani yake. Shuka. Pita kwa miguu, choma kijiti uone kina. Tingo akikwambia "twende tu, wenzetu wamepita", muulize wamepita na mzigo gani.

Hatua ya 2. Weka fowili nzito, ile ya L4. Kama gari lako lina kufuli za kuzungusha kwenye hab za mbele, shuka uzifunge. Magari mengi yenye loki ya umeme hayakubali kufunga mpaka uwe umeweka L4.

Hatua ya 3. Kama tope ni refu, punguza upepo wa matairi kwa kama theluthi moja, mfano kutoka 36 kwenda 24. Tairi linatanuka na kushika zaidi. Lakini baada ya hapo usikimbie, na ukivuka pampu itumike. Kama huna pampu, usipunguze.

Hatua ya 4. Nyoosha matairi ya mbele. Gari likiwa limesimama au linatambaa mwendo wa mtu anayetembea, weka loki. Taa inaweza kupepesa kwanza, maana yake meno hayajakutana. Sogea kidogo mpaka iwake moja kwa moja. USIFUNGE tairi likiwa linazunguka kwa kasi. Meno yanagongana na kukatika, na hapo hasara ni kubwa kuliko kuvutwa.

Hatua ya 5. Ingia na gia ya pili, mwendo wa taratibu usiobadilika. Usikanyage moto, usikate kona kali. Gari litataka kwenda moja kwa moja, kwa hiyo chagua njia yako mapema.

Hatua ya 6. Gari likigoma kwenda mbele, acha. Usichimbe. Difu ikishakalia udongo gari limelala tumbo, na hapo hata loki nne hazikusaidii. Rudi nyuma kwenye njia yako, piga koleo, weka mbao au matawi, jaribu tena.

Hatua ya 7. Ukivuka, fungua loki papo hapo. Taa ikikataa kuzimika, usiogope. Shafti bado imejisokota. Tembea kidogo ukichezesha usukani kushoto na kulia, au rudi nyuma hatua mbili, itaachia. Usipande lami mpaka taa izimike.

WAPI USITUMIE

Kwenye lami na barabara kavu ngumu, kamwe. Utakula matairi, na kwenye kona usukani unaweza kukukatalia.

Kwenye mteremko wa ubavuni. Hili naliomba hasa kwa ndugu zetu wa Umatengo, ambako njia nyingi zimekatwa ubavuni mwa milima ileile tunayolima ngoro. Difu ikiwa wazi, tairi moja likiteleza lenzake linabaki limeshika na kuzuia mkia wa gari. Ukifunga, yote mawili yanateleza kwa pamoja, na mkia unashuka bondeni. Njia ikiwa imelala upande na ina utelezi, shusha mzigo, tengeneza njia, au subiri jua.

Wakati umekwama kabisa na unakanyaga moto kwa hasira. Kumbuka hesabu yetu: loki ikifungwa, nguvu yote inaweza kupita kwenye shafti moja, ile ya tairi lililoshika. Ndiyo maana shafti nyingi zinakatika hapo, tairi moja limebanwa na mwamba, jingine liko hewani, na mguu wa dereva uko sakafuni.

UPANDE WA TREKTA

Kwenye trekta kanuni ni zilezile, lakini hatari ni kubwa zaidi. Kanyaga pedali kabla tairi halijaanza kuzunguka kwa kasi. Likiwa linazunguka tayari, kanyaga klachi kwanza lisimame, ndipo uweke loki. Ukifika mwisho wa mstari toa mguu, hakikisha imeachia, halafu geuza. Dereva anayegeuza na loki imeshika anaenda mbele akidhani anakata kona, na kama mbele kuna korongo, habari inaishia hapo. Ikigoma kuachia, kanyaga klachi kuondoa mzigo na chezesha usukani. Na usitumie breki ya upande mmoja loki ikiwa imeshika.

Kwa trekta lisilo na loki, au ambalo loki yake imekufa, breki hizo za upande mmoja ndizo msaada wako. Tairi la kushoto likizunguka bure, kanyaga taratibu breki ya kushoto. Difu itadhani tairi hilo limepata mshiko, na nguvu itaenda kulia. Haikugharimu hata shilingi. Kwenye pikapu, kuvuta hendibreki kidogokidogo kunaweza kufanya kazi kama hiyo.

Pawatila haina hoja hii, kwa sababu ina klachi mbili za kukatia kona, moja kila mkono. Usipobonyeza yoyote, magurudumu yote yanavuta sawa.

Sasa jambo la uhai. Trekta likizama, watu wengine wanafunga gogo kwa mnyororo kwenye matairi ya nyuma ili lipande juu ya gogo. Acheni kabisa. Matairi yakikataa kuzunguka, nguvu ya injini haina pa kwenda isipokuwa kuinua pua ya trekta. Linasimama na kupinduka kinyumenyume kumwangukia dereva, na tendo zima halifiki sekunde mbili. Hakuna anayewahi kuruka. Ukizama, jaribu kutoka kwa kurudi nyuma. Ukikataliwa, tafuta trekta lingine likuvute. Na trekta linalovuta kitu lifunge kamba chini kwenye drobaa, si juu.

LOKI ISIKULIMISHE TOPE

Hili ni la bwana shamba, huwezi kulisikia kwa fundi. Difuloki inaweza kukuwezesha kulima shamba ambalo halikutakiwa kulimwa siku hiyo. Kuikanyaga mara mojamoja tairi la kwenye mfereji linapoteleza si tatizo. Lakini kama unahitaji loki kila mstari, shamba lako limelowa mno. Uzito wa trekta unashindilia udongo, plau inapaka tope kama mtu anayesiriba nyumba, na chini panabaki tabaka gumu. Mizizi ya mahindi ikifika hapo inakunja shingo. Jua la wiki mbili tu likitokea, mahindi yako yananyauka wakati ya jirani yamesimama.

Pima hivi: chimba udongo wa kina cha kulimia, ufinyange mkononi, jaribu kuuviringisha kama kamba ya unene wa kalamu. Ukikubali kuwa kamba, rudi nyumbani, subiri siku mbili tatu. Ukivunjikavunjika, kalime.

KAMA HUNA HELA YA LOKI

Loki inamsaidia mwenye gari moja. Shimo la barabarani linatusumbua wote. Njia za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na sehemu korofi zinatakiwa zipelekwe kwenye ofisi ya kata na mtendaji wa kijiji mapema, kiangazi, si wakati gari limeshazama. Lakini mitaro ya kutolea maji pembeni ya njia tunaweza kuizibua wenyewe kwa jembe na nguvu kazi. Maji yasipotuama, tope halipo. Tope lisipokuwepo, huhitaji loki.

Na njia nyingine ya bei rahisi kuliko zote ni kalenda. Beba mbolea ya kukuzia pamoja na ya kupandia, Oktoba au Novemba, njia ikiwa kavu. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, chumba kisichovuja. Mfuko uliofika kijijini kabla ya mvua hauhitaji fowili wala difuloki, unahitaji ndoo na mkono.

Kwa hiyo mwenye loki aitumie kwa adabu, anayetaka kununua apige hesabu kwanza, na dereva wa trekta asome sehemu yake mara mbili. Nawatakia msimu mwema, njia njema na ghala lililojaa.